Kabla Hujauza Pesa za Bibi: Namna ya Kukadiria Thamani ya Sarafu, Noti na Stempu za Kale

Kila baada ya miezi michache ujumbe uleule huzunguka kwenye simu zetu: una shilingi ya zamani yenye picha ya Mzee Kenyatta? Basi umelalia mamilioni. Jirani yangu aliuamini. Alituma picha ya shilingi yake, akajibiwa kuwa mnunuzi amekubali, ila kwanza alipe "ada ya usajili". Akalipa. Kisha ikaja "ada ya kusafirisha pesa". Akalipa tena. Mnunuzi hajaonekana hadi leo, na shilingi ile bado iko kabatini, ya kawaida kabisa.

Nimekusanya pesa za kale kwa miaka mingi, tangu niliporithi kijaluba cha bibi. Haya ndiyo ninayowaambia wanaonijia na vifurushi vyao.

Umri peke yake si bei

Bei huletwa na mambo manne: uhaba, hali ya kitu chenyewe, wingi wa wanaokitaka, na uhakika kwamba si cha bandia. Uzee haumo.

Tazama pesa ya shaba ya Seyyid Barghash wa Zanzibar, yenye mizani upande mmoja na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Ina umri wa zaidi ya miaka 140, lakini zilitengenezwa nyingi mno na bado zimejaa, kwa hiyo bei yake ni ndogo. Riale ya fedha ya Barghash ya mwaka huohuo ni adimu, na wakusanyaji huigombania.

Reale ya Maria Theresa nayo huwachanganya wengi. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, kwa sababu ziliendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo hata karne ya 20, kwa ajili ya biashara ya Bahari ya Shamu na pwani yetu. Nyingi thamani yake haiko mbali na bei ya fedha iliyomo. Ya kweli ina uzani wa gramu 28 hivi. Mwombe sonara akupimie, kisha ijaribu kwa sumaku. Ikinata, si fedha.

Shilingi ya simba ya Afrika Mashariki ni ya makundi mawili. Zilizopigwa kuanzia 1921 hadi 1946 robo yake ni fedha, kama gramu 2 tu kwa kila sarafu. Kuanzia 1948 hazina fedha hata kidogo. Zilizochakaa kwa kupita mikononi ni nyingi katika makundi yote mawili.

Halafu kuna senti 5 na senti 10 za tundu za mwaka 1936, zenye jina la Mfalme Edward VIII. Mtu akisikia kuwa sarafu za Uingereza za mfalme huyo ni adimu sana, hudhani ameokota dhahabu. Zetu zilipigwa kwa wingi, na bei yake ni ndogo.

Usisafishe chochote

Hili nimelijua kwa hasara yangu. Katika kijaluba cha bibi mlikuwa na rupia ya Mombasa ya 1888, ile ya kampuni ya Waingereza iliyotawala hapa kabla ya serikali yao, yenye neno Mombasa na mizani. Nikiwa kijana niliisugua kwa ndimu na jivu mpaka ikang'aa kama sufuria ya Idi. Mnunuzi aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akanionyesha mikwaruzo, akasema angenipa zaidi ya mara mbili lau ningeiacha na weusi wake.

Noti usiipige pasi wala usiibandike selotepu. Stempu usiibandue kwenye bahasha ya zamani, maana bahasha nzima yenye muhuri wa posta unaosomeka huweza kupita bei ya stempu peke yake.

Na utazame stempu ilifutwa kwa nini. Stempu za Kenya na Uganda za enzi za Mfalme George V zilifika hata thamani ya pauni 100. Nyingi za pauni zilitumika kulipia ushuru wa hati, si barua. Zilizofutwa kwa kalamu au kwa muhuri wa ushuru hulipwa sehemu ndogo tu ya bei ya iliyopita posta.

Noti za juzi

Wengi walificha noti za zamani za shilingi 1,000 zilizokoma kutumika mwisho wa Septemba 2019, wakitumaini zitapanda. Zaidi ya noti milioni 7 hazikurudishwa. Kitu kilichomo katika masanduku milioni si adimu. Labda ile isiyokunjwa kabisa ndiyo itakayopata mtu. Tofauti yake ni noti za rupia za Zanzibar zilizoanza 1908: zilipobadilishwa kwa shilingi mwaka 1936 watu walizirudisha, na chache mno ndizo zilizosalia.

Bei ya kweli iko wapi?

Bei anayoitaka muuzaji mtandaoni si bei. Mtu anaweza kuandika milioni kwa shilingi ya kawaida. Tafuta bei zilizokwisha kulipwa: kwenye mitandao ya mauzo chagua orodha ya vilivyouzwa, au soma matokeo ya minada. Sarafu yako waweza kuitambua katika tovuti ya Numista. Stempu zina katalogi ya Stanley Gibbons. Kumbuka pia kwamba mfanyabiashara hununua kwa chini ya bei ya katalogi, maana naye lazima apate faida.

Sheria nayo

Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na kuvitoa nje kunahitaji kibali. Rupia ya Mombasa imo humo. Uliza kwanza ofisi ya makavazi, Fort Jesus.

Ukiokota sarafu kwenye magofu au shambani, iache palepale uwaite wataalamu. Mwaka 2013 kisiwani Manda ilipatikana sarafu ya Kichina ya Mfalme Yongle. Sarafu za aina hiyo ni nyingi duniani. Iliyotoka Manda ina thamani kwa kuwa inajulikana ilitoka wapi, na ikawa ushahidi wa biashara ya zamani ya pwani yetu.

Na ukisahau mengine yote, shika hili moja: mnunuzi wa kweli hukulipa wewe. Akikuomba ada hata ya shilingi 50, funga simu.