Pasi ya Buluu: Wahindi wa Kenya na Sheria ya Siku Tatu

Aghalabu husemwa kwamba chuki dhidi ya wahamiaji katika nchi za Magharibi huanzia mitaani, kwa watu wasiosoma, kisha huwapandia wakubwa nao wakashindwa kuizuia. Kisa cha Wahindi wa Kenya na pasi zao za Kiingereza chasimulia jambo jengine.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakaazi wenye asili ya Bara Hindi ambao hawakuwa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili ya kuomba uraia wa nchi mpya. Wengi hawakuomba, ama kwa hofu, ama kwa hesabu za biashara, ama kwa kuliahirisha jambo la makaratasi hadi muda ukapita. Wakabaki na pasi ya buluu ya Uingereza. Hapo ndipo sheria ilipofanya kioja chake. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1962 ilikuwa imekwisha kuwawekea mipaka watu wa makoloni, lakini haikumgusa mwenye pasi iliyotolewa na serikali ya London yenyewe. Maadamu gavana alikwisha ondoka, pasi za Nairobi sasa zilitolewa na ubalozi wa Uingereza kwa jina la serikali hiyo. Hivyo uhuru wa Kenya ukampa mwenye duka wa Nairobi au Mombasa haki ya kuingia Uingereza ambayo jamaa yake wa Gujarat hakuwa nayo.

Je, ilikuwa ahadi au ajali? Iain Macleod, aliyekuwa Waziri wa Makoloni kuanzia 1959 hadi 1961, alishikilia kuwa ni ahadi. Duncan Sandys, ambaye ndiye aliyekuwa waziri wakati Kenya ikikabidhiwa uhuru wake, alikana. Wote wawili walikuwa wa chama kimoja cha Conservative.

Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia. Ilikuwa na sababu zake: biashara ya mijini ilikuwa mikononi mwa wachache, na wananchi walikuwa wakingoja matunda ya uhuru. Familia zikaanza kufunga mizigo. Huko London, Sandys na mwenzake Enoch Powell wakashika kudai mlango ufungwe. Kadiri walivyopiga kelele, ndivyo watu walivyozidi kukimbilia ndege kabla haujafungwa. Na kadiri ndege zilivyojaa, ndivyo kelele zilivyojipatia ushahidi. Mkuli wa bandarini hakuwa na sehemu katika duara hilo. Lilizungushwa na watu wa Bungeni na wa magazeti.

Serikali iliyokuwa madarakani ilikuwa ya chama cha Leba, chama kilichoipinga vikali sheria ya 1962. Hata hivyo, James Callaghan, Waziri wa Mambo ya Ndani, aliuwasilisha mswada wake tarehe 27 Februari 1968, na tarehe 1 Machi ukawa sheria. Siku tatu! Kwa sheria hiyo, raia mwenye pasi ya Uingereza angeingia bila kizuizi ikiwa tu yeye, mzazi wake au babu yake alizaliwa Uingereza au alipata uraia humo. Neno 'rangi' halikuandikwa popote, wala halikuhitajika: mjukuu wa mlowezi wa nyanda za juu za Kenya alipita, na mjukuu wa fundi wa reli akazuiwa. George Thomson, Waziri wa Jumuiya ya Madola, alikuwa amewaonya wenzake katika baraza la mawaziri kwamba huo ni ubaguzi wa rangi ulio wazi. Michael Ramsey, Askofu Mkuu wa Canterbury, akaupinga. Haikufaa kitu.

Ndipo, tarehe 20 Aprili, Powell aliposimama mjini Birmingham kutoa hotuba yake mashuhuri, akitabiri umwagaji wa damu kwa kumrejea mshairi Virgil. Huyu hakuwa mtu wa vichochoroni; akiwa na umri wa miaka 25 alikuwa profesa wa Kigiriki mjini Sydney, na baadaye Waziri wa Afya, wakati hospitali za nchi yake zikiwategemea wauguzi wa visiwa vya Karibi. Siku ya pili kiongozi wa chama chake, Edward Heath, alimwondoa katika uongozi. Tarehe 23 makuli wa bandari ya London waliandamana hadi Bungeni kumuunga mkono, na ni picha yao iliyobaki katika kumbukumbu. Lakini hesabu ya siku yasema wazi: makuli walitoka wiki saba baada ya sheria kupita. Walichokitamka kwa sauti kilikwisha kupigwa muhuri na waungwana kwa lugha ya upole.

Mwaka 1973 Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba raia hao walibaguliwa kwa rangi kiasi cha kudhalilishwa. Ripoti yake haikutangazwa hadi 1994. Ni mwaka 2003 ndipo waliobaki bila ya uraia mwengine wowote waliporuhusiwa kujiandikisha kuwa raia kamili. Miaka 35 ilikwisha pita, na wengi walikwisha kufa.

Wazao wa Wahindi wa Afrika Mashariki wamekwisha kukalia viti vile vile. Priti Patel, ambaye wazazi wake walitoka Uganda, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani serikali yake ilipotangaza, Aprili 2022, mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi. Rishi Sunak, mwana wa baba mzaliwa wa Kenya na mama mzaliwa wa Tanganyika, aliusimamia mpango huo akiwa Waziri Mkuu, hata baada ya Mahakama ya Juu kuubatilisha mwezi wa Novemba 2023. Serikali iliyofuata iliufuta Julai 2024. Hadi hapo walikuwa wamekwenda Kigali watu wanne tu, na wote kwa hiari yao.