Gari ya okazi ikikufa nyuma ya siku tatu: haki zako mbele ya muuzaji

Tuseme uko Butembo. Umekusanya franga za likelemba, umeongezea na zile za shamba uliuza, na umenunua Toyota ya okazi kwa dola 6 500 kwa mtu mwenye parking ya magari. Pale parking moteri inalia vizuri. Siku ya tatu, unapanda Kabasha kuelekea Beni, sindano ya joto inafika juu, moshi mweupe unatoka nyuma, gari inasimama. Fundi anafungua, anakuta kichwa cha moteri kilipasuka zamani na mtu alikipaka gundi ya chuma ili kifike siku ya kuuza. Unapigia muuzaji simu. Anajibu: "Papa, nilikuuzia vile iko. Ukishatoka na gari hapa, mambo ni yako."

Wengi wanasikia jibu hilo, wananyamaza. Wengine wanakimbilia polisi siku ileile. Wengine tena wanatengeneza gari kwanza, kisha ndiyo wanaanza kudai, na hapo ushahidi umekwisha kutupwa kwenye vyuma vya garaji. Ukweli ni kwamba sheria ya Congo inamlinda mnunuzi, lakini inamlinda yule anayefanya haraka na mwenye karatasi.

Sheria inasema nini

Mambo ya kuuza na kununua yanaongozwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ile wanasheria wanaita Code civil livre III. Ni ya zamani, lakini ingali inafanya kazi. Kuanzia kifungu cha 318, inasema kwamba muuzaji anajibu juu ya kasoro iliyofichika, kama kasoro ile inafanya kitu kisifae kwa kazi yake, ao kama mnunuzi angeijua hangenunua, ao angetoa bei ndogo.

Mambo matano ya kushika hapa:

- Kasoro yenye kuonekana si ya muuzaji. Tairi zilizoisha, kioo kilichopasuka, kiti kilichochanika: uliviona, ulikubali.
- Kasoro iliyofichika ni ya muuzaji, hata kama yeye mwenyewe hakuijua.
- Muuzaji anaweza kuandika kwamba hatoi garanti. Lakini maneno hayo yanamkinga tu kama kweli hakujua kasoro. Kama aliijua akanyamaza, "nilikuuzia vile iko" haimsaidii. Na mtu anayeishi kwa biashara ya magari, mwenye fundi wake palepale parking, atapata shida kumwambia mwamuzi kwamba hakujua kitu.
- Mnunuzi ndiye anachagua: kurudisha gari na kurudishiwa bei, ao kubaki na gari na kurudishiwa sehemu ya bei, kwa kipimo cha mafundi wenye kujua. Kama muuzaji alijua kasoro, analipa pia hasara zingine zilizotoka humo.
- Gari ikikufa kwa sababu ya kasoro ile, hasara ni ya muuzaji. Ikiharibika kwa aksida, hasara ni ya mnunuzi. Ndiyo maana kuendelea kutembeza gari mgonjwa ni hatari hata kwa kesi yako.

Garanti hiyo haiko kwa gari iliyouzwa kwenye mnada kwa amri ya tribinali. Bei yake ni ndogo kwa sababu hiyo.

Kuhusu muda, dekreti haitaji hesabu ya siku. Inasema tu kwamba mnunuzi ashitaki "kwa muda mfupi". Mwamuzi ndiye anapima. Mtu aliyeandika barua nyuma ya juma moja anasikilizwa vizuri kuliko yule aliyetembea miezi minane akifanya taksi.

Siku za kwanza: usitengeneze kwanza

Simamisha gari. Piga picha: moteri, mahali kasoro iko, kompteri ya kilometa, namba ya shasi, plaki. Mwambie muuzaji palepale, kwa ujumbe wa simu ulioandikwa, kwa sababu mazungumzo ya mdomo yanakanwa kesho.

Kisha tafuta fundi ambaye hana urafiki na wewe wala na muuzaji. Mwombe aandike ripoti yenye tarehe, jina lake, sahihi, namba ya shasi, kasoro aliyoona, na hasa hili: kasoro ilikuwa kabla ya kuuza, ao ilianza nyuma? Bila jibu hilo ripoti haina nguvu, maana muuzaji atasema wewe ndiye uliua moteri. Mwalike aje na fundi wake wakati wa kufungua. Akikataa kuja, andika kwamba aliitwa na hakuja. Vyuma vilivyotolewa visitupwe. Kama uko na uwezo, ita huissier aandike yale anayoona. Karatasi yake ina uzito mbele ya mwamuzi.

Barua na mapatano

Hatua inayofuata ni barua ya kumtaka muuzaji atimize wajibu wake, ile inaitwa mise en demeure. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe ya kununua, bei, namba ya shasi, kasoro, ripoti ya fundi, unachoomba, na siku unazompa, kwa mfano siku nane. Atie sahihi kwenye nakala yako. Akikataa, huissier ataipeleka.

Kesi nyingi zinaishia hapa, na ni vizuri. Muuzaji anaogopa jina lake kuharibika, naye mnunuzi anaogopa kesi ndefu. Mnaweza kukaa mbele ya chef wa quartier, wazee, ao viongozi wa wauzaji wa magari. Lakini mapatano ya mdomo yanakufa haraka. Yaandikwe: nani analipa nini, tarehe gani, na mashahidi. Kama muuzaji anakubali kurudisha dola 2 000, aandike na kutia sahihi kwamba ana deni la dola 2 000 na siku ya kulipa. Akikosa, karatasi hiyo inafungua njia fupi ya sheria za OHADA, zinazofanya kazi Congo tangu tarehe 12 Septemba 2012: mwamuzi anaweza kutoa amri ya kulipa bila kesi ndefu.

Tribinali gani?

Tribinali ya amani, yaani Tripaix, inapokea madai ya kiraia yasiyopita franga za Congo 2 500 000. Bei ya gari karibu kila mara inapita hapo, kwa hiyo kesi inakwenda Tribinali kubwa (tribunal de grande instance). Kama muuzaji ni mfanyabiashara, na mahali penu pako tribinali ya biashara, unaweza kumshitaki huko hata kama wewe si mfanyabiashara. Wewe mwenyewe ukinunua kwa ajili ya biashara, uliza avoka mapema, sababu mauzo kati ya wafanyabiashara yanafuata OHADA, nayo iko na muda wake wa kutangaza kasoro.

Uliza bei ya avoka na ya tribinali kabla ya kuanza. Asiye na uwezo anaweza kuuliza ofisi ya mashauri ya bure ya baro, Bureau de consultations gratuites.

Katika miji ya Goma na Bukavu, tribinali za serikali zilisimamisha kazi baada ya M23 kuingia mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari 2025. Kwa aliyenunua gari wakati huo, ripoti ya fundi, barua na mapatano yaliyoandikwa ndiyo njia ya kwanza. Hata kama kesi haiwezi kufunguliwa leo, tarehe za karatasi hizo zitaonyesha kwamba hukulala.

Polisi inaingia wakati gani?

Deni si kosa la jela, na OPJ hana kazi ya kukata bei ya gari. Ukimpeleka muuzaji kwenye kasho kwa ajili ya moteri iliyokufa, unaweza kutoa franga nyingi pale na kutoka mikono mitupu. Katiba, kifungu cha 18, inasema mtu hawezi kushikwa na polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya wenye mamlaka ya sheria.

Ni tofauti kama kulikuwa udanganyifu wa kweli: kompteri iliyorudishwa nyuma, carte rose ya uongo, namba ya shasi iliyokwanguliwa, gari ya wizi. Hapo kuna parke. Escroquerie iko katika kifungu cha 98 cha sheria ya jinai, kitabu cha pili: kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano. Unaweza pia kuomba fidia yako ndani ya kesi hiyohiyo.

Na komisioneri je? Yeye alikupeleka tu. Muuzaji ndiye anajibu. Lakini kama komisioneri ndiye aliandika risiti kwa jina lake na kupokea franga, majina yote mawili yawe kwenye barua.

Kabla ya kutoa franga

Magari mengi ya huku yanatoka Japani, yanapita Mombasa ao Dar es Salaam, kisha mipaka kama Kasindi ao Bunagana. Omba kuona karatasi ya Japani ya kutoa gari nje: mara nyingi ina kilometa zilizoandikwa siku ya ukaguzi. Linganisha na kompteri. Kama kuna karatasi ya mnada wa Japani, alama R ao RA inaonyesha gari iliyotengenezwa nyuma ya aksida. Namba ya shasi ya gari iliyotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi ina sehemu mbili zenye kistari katikati. Iwe ileile kwenye chuma, kwenye karatasi za duani na kwenye carte rose.

Fika asubuhi, moteri ikiwa baridi. Ukikuta imekwisha kupata moto, rudi siku ingine. Njoo na fundi wako, panda mulima nayo, angalia maji na mafuta ya moteri mukirudi. Mwisho, andikeni karatasi ya kuuza yenye bei ya kweli, namba ya shasi, kilometa, na neno la muuzaji juu ya hali ya moteri na bwate. Muuzaji akikataa kuandika kwamba moteri ni nzima, uliza kwa nini mbele ya kuhesabu dola.