Daftari la jikoni

Mwulize mzee wa Olasiti anapata shilingi ngapi kwa mwezi, atakucheka. Mwezi upi? Ule wa kuuza mahindi, au huu wa kungoja mvua? Kijana wake ni bodaboda. Juzi alirudi na hela, leo pikipiki iko gereji. Mke wa mzee ana ng'ombe mmoja, na nusu ya maziwa wanakunywa wajukuu. Sasa mgeukie mama, umuulize jana mlikula nini. Mchana loshoro, usiku ugali kwa mnafu, na mafuta ya kupima ya mia tano. Anajibu bila kufikiri.

Ndiyo maana umaskini wetu unapimwa jikoni. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa Tanzania Bara ulifanyika 1969, ukarudiwa 1976/77 na 1991/92. Mapato yamo kwenye jina, ila anayeitwa maskini anaitwa hivyo kwa matumizi yake. Mwaka 2000/01 zilifikiwa kaya 22,178, na manunuzi ya kila siku yakawa yanaandikwa kwenye daftari. Hata kisichonunuliwa kinaandikwa: debe la mahindi likitoka ghalani linapewa bei, maana kula chako si kula bure. Kisha mtoto mdogo anahesabiwa kama sehemu tu ya mtu mzima.

Mstari wenyewe wa umaskini huanzia kwenye chakula cha kalori 2,200 kwa mtu mzima kwa siku, juu yake mahitaji mengine. Mwaka 2000/01 ulikuwa shilingi 7,253 kwa siku 28. Mwaka 2017/18, shilingi 49,320 kwa mwezi, yaani kama 1,644 kwa siku. Waliokuwa chini yake walikuwa asilimia 35.7, kisha 26.4. Msizilinganishe harakaharaka, kwani mwaka 2011/12 ukokotoaji wenyewe ulibadilishwa.

Na daftari nalo lina mipaka yake. Mwaka 2007 na 2008 watafiti Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na wenzao walizigawia kaya 4,000 za Tanzania njia nane tofauti za kuuliza matumizi, na majibu yakapishana. Anayeshika daftari huandika kilichopita mkononi mwake. Chipsi mayai aliyokula kijana kijiweni, mama hana habari nayo.