Malindi ya Nyanya, Malindi ya Watalii

Kwetu Rukanga jina la Malindi lina maana mbili. Kwa rika langu ni boti, samaki wa kupaka na picha za kurusha mtandaoni. Kwa nyanya yangu, aliyelipokea jina hilo kutoka kwa wazazi wake, ni mahali watu walipelekwa na wengine hawakurudi. Alilitaja kwa sauti ya chini, vile mtu hutaja ugonjwa.

Kama hujui Rukanga ni wapi: shuka Maungu, kwenye barabara ya Mombasa, uingie ndani upande wa kusini hadi uone mlima umesimama peke yake katikati ya nyika. Huo ndio Kasigau, mita 1,641. Rukanga iko miguuni pake, na Bungule, Jora, Kiteghe na Makwasinyi zimeuzunguka. Misafara ya kutoka pwani ilikuwa ikisimama hapa kuchota maji. Mmishenari Johannes Rebmann alifika mwaka 1847, akauandika mlima kwa jina la Kadiaro, na mwaka uliofuata akaiona theluji ya Kilimanjaro. Sifa zote zikaenda kwa theluji, bila shaka.

Kisha vita. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na kutoka huko vikosi vyao vikawa vinapenya nyikani kulipua reli ya Uganda. Kasigau ilikuwa njiani. Mwaka 1915 Waingereza waliamua kwamba wenyeji wa mlima ndio waliomsaidia adui. Adhabu haikuchagua mtu. Wazee, akina mama, watoto, wote wakaondolewa na kupelekwa Malindi. Hebu fikiria watu waliozoea chemchemi na ukungu wa asubuhi, ghafla wako kwenye joto la pwani, hawana shamba, na malaria haina huruma na mgeni. Wengi walifia huko.

Mwaka 1415, miaka 500 kamili kabla ya hapo, Malindi ilikuwa imetuma twiga hadi China, zawadi kwa mfalme wa ukoo wa Ming. Twiga alisafiri kwa heshima kuliko watu wetu.

Sasa ile Malindi nyingine. Siku ya mashua ni tamu, sitadanganya. Mnaondoka asubuhi, na saa ya kuondoka inapangwa na maji, si na abiria. Msimu wa kaskazi bahari imetulia; kusi likianza kuvuma, nahodha mwenye akili anakwambia urudi nyumbani. Kati ya Malindi na Watamu kuna fungu la mchanga mweupe linalojitokeza maji yakipwa. Waitaliano wameliita Sardegna Due, na hata vijana wa boti wanaliita hivyo hivyo. Mnashuka, mnatembea juu ya bahari kama manabii, mnarudi kuogelea na samaki wa rangi zote. Hifadhi hizi za baharini za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, ndiyo maana bado kuna samaki wa kuangalia.

Halafu chakula. Changu wa kuchoma aliyepakwa tui zito la nazi lenye ukwaju, wali wa nazi, kamba, kachumbari yenye pilipili ya kutosha kukutoa machozi, na dafu la kushushia. Mimi nimekulia kimanga, mihogo na maharagwe vikipondwa pamoja, na nakipenda. Lakini kwa huyo changu niliomba sahani ya pili.

Raha ya namna hii ni mambo ya juzi tu. Kwa karne nyingi hakuna aliyepanda jahazi ili apumzike. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na nahodha Mkuwaiti Ali al-Nejdi kati ya 1938 na 1939, kutoka Arabuni hadi Lamu, Mombasa, Zanzibar na mpaka Rufiji. Aliyoyaeleza ni sitaha iliyojaa watu na mizigo, mtu analala pale alipopata pa kuketi, na mabaharia wanakata boriti kwenye matope ya mikoko. Kazi tupu. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, na biashara iliyokuwa imelisha vyombo vingi ikakatika. Mtalii naye ni mzigo mzuri: anajipakia mwenyewe, anajishusha mwenyewe, na analipa.

Malindi yenyewe ilianza kugeuzwa mji wa starehe miaka ya 1930. Walowezi walijenga hoteli ufukweni, na Ernest Hemingway akaja mwaka 1934 kuvua samaki wakubwa. Waitaliano walifuata, hasa baada ya kituo chao cha roketi kuanza kazi pale Ngomeni miaka ya 1960. Mimi hunishika hapo kwenye miaka ya 1930. Ndiyo miaka ileile watu wa Kasigau walipokuwa wanaruhusiwa kurudi mlimani, miongo miwili baada ya kuondolewa. Mzungu anakuja Malindi kupumzika, Mkasigau anarudi kwake kuanza kufyeka upya vichaka vilivyomeza boma la babake.

Ukitembea mjini leo utaonyeshwa mnara wa Vasco da Gama, aliyefika mwaka 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi India, akaenda zake. Wa kwetu walikaa muda mrefu kumzidi. Nilizunguka nikitafuta hata kibao kimoja chenye jina la Kasigau, sikukiona.

Tukirudi, tanga limejaa upepo, nilimsogelea nahodha pale kwenye usukani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kwetu ni wapi.

"Kasigau, mzee. Upande wa Voi."

"Ah, kule bara kwenye ndovu," akasema. "Na baharini ulishafika?"

Nikamwambia mimi ni mara ya kwanza, ila wazee wangu waliletwa huku wakati wa vita vya kwanza, na wengine wamezikwa huku. Alinyamaza, akarekebisha kamba ya tanga.

"Wamezikwa upande gani?" akauliza.

"Hawakutuambia, mzee."

Akamwita kijana wake, akamwambia anipakulie tena wali.