Ijue Milestone: Wasee Wanne Waliokataa Shujaa Mweusi Awe Mmoja Tu

Ukiulizwa ghafla utaje supahiro mweusi, utasema Black Panther. Ukipewa dakika moja zaidi utaongeza Storm, Luke Cage, Blade, Falcon, na kama ulikuwa mtu wa katuni za TV, Static. Sasa angalia hiyo listi tena. Wote hao walibuniwa na waandishi na wachoraji wazungu, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ni Static, na kampuni iliyomzaa inaitwa Milestone. Ilianza kuuza komiki mwaka 1993 huko New York, ikafunga kazi hiyo 1997, na hadi leo watu wanaojua mambo ya komiki wakiitaja wanaitaja kwa heshima. Kama hujawahi kuisikia, tulia nikupe stori yake.

Kabla yao mambo yalikuwaje

Usidhani weusi hawakuwahi kujaribu. Mwaka 1947, mwanahabari wa Philadelphia kwa jina Orrin C. Evans alitoa All-Negro Comics, kitabu kilichoandikwa na kuchorwa na weusi watupu. Ndani kulikuwa na Lion Man, mwanasayansi mweusi aliyetumwa kulinda mlima wenye madini ya urani huko Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Kilitoka toleo moja tu. La pili lilipangwa, lakini Evans hakupata mtu wa kumuuzia karatasi. Black Panther, mfalme mweusi anayelinda mlima wa vibranium, alikuja 1966, miaka 19 baadaye. Sisemi Stan Lee na Jack Kirby waliiba. Nasema wazo lilikuwa lishafika kwa kichwa cha msee mweusi, shida ikawa karatasi.

Baada ya Panther wakafuata wengine. Falcon alikuja 1969. Luke Cage alikuja 1972, na huyo ndiye alikuwa supahiro mweusi wa kwanza kupewa kitabu chake mwenyewe na kampuni kubwa, ingawa alikuwa jamaa wa jela anayeongea kama filamu za wakati huo. Wakenya, wetu tulipewa 1975: Storm. Kwa stori, mamake N'Daré ni binti mfalme wa Kenya, na Profesa X anamkuta Ororo huku kwetu akiabudiwa kama mungu wa mvua, nywele nyeupe, macho ya buluu. Ufalme gani huo? Mimi najua Nabongo wa Mumias, na nina uhakika hakuna mtu wa Marvel aliyepitia Mumias. Storm ni noma, hilo hatubishani, ila waliomwandika walihitaji tu mahali pa mbali penye mvua na watu wa kuabudu.

Na kuna moja ilikuwa karibu itokee, hii lazima uijue. Katikati ya miaka ya 70, DC, wenye Superman, walitaka shujaa wao wa kwanza mweusi mwenye kitabu chake. Walichokuwa nacho mezani kilikuwa Black Bomber: mzungu mbaguzi ambaye akipata presha anageuka kuwa supahiro mweusi. Ndiyo, umesoma vizuri. Mwandishi Tony Isabella, ambaye ni mzungu pia, ndiye aliwaambia hiyo kitu itawachoma, na 1977 akawapatia Black Lightning badala yake.

Shida ya kuwa mmoja

Twende sasa kwa Dwayne McDuffie. Huyu alikuwa akifanya kazi Marvel miaka ya 80, na 1989 aliwaandikia mabosi memo ya kuwacheka. Alikuwa amegundua kwamba robo ya mashujaa weusi wa Marvel wakati huo nguvu zao zilitegemea skeitibodi. Kwa hivyo akapendekeza kitabu kipya: vijana weusi wanne, wote wako kwa skeitibodi, wanaongea vile mzungu hudhani weusi huongea. Ilikuwa mchezo, lakini alikuwa ameudhika.

Hoja yake McDuffie ilikuwa rahisi, na ukiishi Kenya utaishika haraka. Ukiwa mtu wa pekee wa kabila lako kwa ofisi, siku ukichelewa si wewe umechelewa, ni "hao watu" huchelewa. Ukipandishwa cheo, ni "hao watu" wameingia. Huwezi kuwa mvivu kidogo, huwezi kuwa na hasira, huwezi hata kuchosha watu kwa stori zako, ju unabeba jina la watu wote. Shujaa mweusi wa pekee ndani ya komiki anaishi hivyo hivyo. Mwandishi anaogopa kumpa makosa, na mtu asiye na makosa hana stori.

Dawa yake? Wawe wengi. Wawe wazuri, wabaya, matajiri, wahuni, wacha Mungu, na wabishane wenyewe kwa wenyewe. McDuffie akaungana na mchoraji Denys Cowan, Michael Davis na Derek T. Dingle, wakaanzisha Milestone. Mwandishi Christopher Priest alikuwa nao wakati wa kupanga mambo. Kisha wakaenda kwa DC na dili ambayo haikuwa ya kawaida: DC watachapisha na kusambaza, lakini wahusika ni wa Milestone, hakimiliki ni ya Milestone, na stori zinaamuliwa na Milestone. Black Lightning alikuwa wa DC, Luke Cage alikuwa wa Marvel. Hawa walikuwa wa wenyewe.

Hata rangi waliibadilisha. Komiki nyingi za zamani zilikuwa na rangi chache, na ngozi nyeusi ilitoka kahawia moja, saa zingine ya kijivu kama mtu mgonjwa. Milestone wakaamua kurasa zipakwe rangi kwa mkono, kazi ikisimamiwa na Noelle Giddings. Ukifungua zile za kwanza unaona maji ya kunde, unaona mweusi ti, unaona walio katikati, wote kwa ukurasa mmoja.

Dakota, mji wa karao na gesi

Stori karibu zote zinatokea mji wa kubuni unaoitwa Dakota. Huko kuna mtaa, Paris Island, ambapo magenge yanakutana usiku mmoja kumalizana. Karao wanakuja na gesi ya machozi iliyochanganywa na kemikali ya majaribio, ati ya kuwatia alama vijana ili washikwe baadaye. Wengi wanakufa. Waliobaki wanaanza kuota nguvu. Hiyo siku inaitwa Big Bang. Spider-Man aliumwa na buibui kwa bahati, lakini hawa walipigwa gesi na serikali. Tofauti hiyo ndiyo kitu Milestone walikuwa nacho.

Blood Syndicate ni genge la manusura wa hiyo siku, weusi, Walatino na wengine, wakivamia nyumba za kuuza mihadarati na kubaki na doh. Mara nyingi wanapigana wao kwa wao. Hardware ni Curtis Metcalf, mhandisi jiniasi aliyesomeshwa na bosi wake Edwin Alva. Vitu anavyovumbua vinamtajirisha Alva. Curtis anaomba sehemu yake kidogo ya faida, Alva anamwambia wewe ni mfanyakazi tu. Anakuja kugundua bosi ni mhalifu, na kampuni yake inahusika hata na ile gesi, kwa hivyo anajitengenezea suti ya chuma akitumia vifaa vya huyo huyo bosi na kuanza kumvunjia biashara. Utakumbuka hii iliandikwa na wasee waliokuwa wametoka kufanya kazi kwa kampuni zinazomiliki kila kitu unachochora.

Lakini kama utasoma moja tu, soma Icon. Mwaka 1839 chombo kutoka anga za mbali kinaanguka kwa shamba la pamba kusini mwa Marekani. Chombo kinambadilisha aliye ndani afanane na mtu wa kwanza kumwona, na huyo mtu ni Miriam, mama mtumwa. Ndiyo hivyo kiumbe mwenye nguvu kama za Superman anakua mtoto mweusi ndani ya utumwa. Hazeeki haraka, kwa hivyo kila kizazi anajifanya mwanawe mwenyewe. Kufika 1993 anaitwa Augustus Freeman IV, ni wakili tajiri, ni mhafidhina, na anaamini maskini wangejikaza kidogo tu wangeomoka.

Halafu vijana wa Paris Island wanavunja nyumba yake. Mmoja wao ni Raquel Ervin, dem ambaye ndoto yake ni kuwa mwandishi. Anamwona akiruka angani. Badala ya kupotea, anarudi kumwambia: mtu mwenye nguvu kama zako akionekana na watu wetu, kuna kitu kitabadilika. Mzee anakubali, Raquel anakuwa Rocket, na siku ya kwanza wanaenda kusaidia polisi. Polisi wanawaelekezea bunduki.

Raquel anapata mimba. Ni msichana bado, boyfriend hana mpango wa kusaidia. Kitabu hakimhubirii. Kinamwacha afikirie kutoa, abishane na nyanyake, aamue kuzaa, apumzike kazi ya ushujaa, kisha arudi baada ya kujifungua mvulana anayemwita Amistad. Yeye na Augustus wanabishana toleo baada ya toleo: je, mtu hujikwamua mwenyewe ama kuna mtu amemkanyaga? Hakuna anayeshinda kabisa. Ndani ya kitabu hicho hicho kuna Buck Wild, kichekesho cha wazi kwa Luke Cage, na bado akifa anapewa mazishi kamili, ju hao wa zamani, hata kama walichorwa vibaya, walikuwepo wakati hakukuwa na mwingine.

Static ni mwepesi zaidi. Virgil Hawkins ana miaka 15, ana mdomo, ana nguvu za umeme, na anafika Big Bang akiwa na bastola ya kumlipiza kijana aliyempiga. Anashindwa kuitumia. Jina lake limetoka kwa mtu wa kweli: Virgil Hawkins aliyenyimwa nafasi ya kusomea sheria Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1949 kwa sababu ya rangi, akapigana na hiyo kesi kwa miaka mingi. Beshte wa Static, Rick, ni shoga, na Virgil anachukua muda kulizoea hilo. Anasema ujinga kwanza, kisha anajirekebisha.

Na haikuwa weusi tu. Xombi, ya 1994, ni David Kim, mwanasayansi Mmarekani mwenye asili ya Korea ambaye hawezi kufa.

Basi mbona walifunga?

Walipigwa kutoka pande mbili. Kundi la wachapishaji weusi wadogo, Ania, liliwaita wasaliti kwa kukubali mkono wa DC. Upande mwingine, wenye maduka waliziona ni komiki "za weusi", kwa hivyo mteja mzungu haonyeshwi. McDuffie hakuelewa, na mimi sielewi: mbona sisi tulisoma Superman bila kuwa wazungu, wala kutoka Krypton?

Dili nayo ilikuwa na mpaka wake. Kava ya Static namba 25 ilikuwa na Virgil na msichana wakibusiana kwa kochi, kondomu zikionekana, na DC wakakataa kuitoa vile ilivyochorwa. Mwenye mashine ya kuchapa bado alikuwa na la kusema. Kilichowamaliza hasa ni soko. Katikati ya miaka ya 90 biashara ya komiki Marekani ilianguka vibaya, ikabeba wengi, na 1997 Milestone wakaacha kutoa vitabu.

Ila wahusika walikuwa bado wao. Mwaka 2000 Static akaingia TV kama Static Shock, vipindi 52 hadi 2004, Denys Cowan akiwa kati ya maprodyuza. Rick akageuzwa Richie, na mambo ya yeye kuwa shoga hayakutajwa hewani. McDuffie aliandika vipindi kadhaa, akaenda kufanya Justice League Unlimited, akafariki Februari 2011.

Cowan, Dingle na mwongozaji filamu Reginald Hudlin waliifufua kampuni, na 2021 vitabu vikarudi sokoni. Katika Static mpya, Big Bang inatokea wakati wa maandamano dhidi ya ukatili wa polisi. Mtu aliyesoma zile za 1993 hakushangaa.

Ukitaka kuanza, tafuta Milestone Compendium One, mkusanyo mnene uliotoka 2022 wenye matoleo ya kwanza ya Hardware, Icon, Static, Blood Syndicate na Xombi. Anza na Icon namba 1, halafu Static. Hardware iache ya wikendi, ile ambayo bosi wako amekutumia ujumbe Ijumaa jioni.