Sebule za Buganda na Chumba cha Baltimore
Mwanafunzi anayeanza shahada ya kwanza ya saikolojia hupelekwa kwanza Leipzig, alikofungua Wilhelm Wundt maabara yake mwaka 1879. Akifika kwenye sura ya watoto wachanga, huingizwa katika chumba kimoja cha Baltimore, Marekani: kuna viti na vitu vya kuchezea, mama anatoka, mgeni anaingia, na watafiti wanatazama mtoto atafanya nini. Humo hujifunza nadharia ya mwambatano, yaani kile kifungo cha moyo kati ya mtoto na anayemlea. Uganda, ikitajwa, hutajwa kwa kupita. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo umegeuza historia juu chini. Kilichoonyeshwa Baltimore kilikuwa kimekwisha kuonekana Buganda, nchini Uganda, tena pasipo maabara, na anayejifunza tabia ya binadamu bila kulijua hilo hukosea kuhusu chimbuko la elimu yake.

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954, akimfuata mumewe aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ndiye anayemlisha. Waganda walikuwa na desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake anapoachishwa ziwa, na Ainsworth alitaka kuona utengano huo unamfanya nini. Akakuta familia nyingi zimekwisha kuiacha desturi hiyo, hivyo akageukia swali lililo kubwa zaidi: kifungo chenyewe hukuaje? Kwa muda wa hadi miezi 9 alizitembelea familia 26 zenye watoto 28 katika vijiji vya karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili, akikaa kama saa mbili akiwa na mkalimani. Alikaribishwa sebuleni alasiri, saa ambayo akina mama hupokea wageni. Huko aliona mtoto akishuka mapajani mwa mama, akatambaa kwenda kumchungulia mgeni, akageuka kuhakikisha mama bado yupo, kisha akarudi. Mama akitoka, mtoto alilia au akamfuata kwa kutambaa. Mama akirudi, wapo waliompokea kwa kupiga makofi. Kati ya watoto 28, alihesabu 16 waliotulia katika kifungo hicho, 7 waliokuwa na wasiwasi, na 5 ambao kifungo chao kilikuwa hakijaonekana. Ziwa peke yake halikutosha kueleza tofauti hizo. Jambo moja lililojitokeza ni kwamba watoto waliotulia walikuwa na mama walioweza kueleza habari zao kwa undani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapa ujuzi wa mzazi ulikuwa ndio ushahidi wenyewe.

Ainsworth alipoanza utafiti wa pili Baltimore mwaka 1963, pia kwa familia 26, alikutana na kikwazo. Watoto wa huko walizoea mama kutoka chumba hiki na kuingia kile, hivyo nyumbani hawakuonyesha waziwazi yale aliyoyaona Buganda. Ndipo kikabuniwa kile chumba na jaribio lake la dakika kama 20, ili hali ngeni iyatoe nje yaliyojificha.

Yupo atakayesema kwamba mawazo yalitangulia safari: dhana ya mzazi kuwa kituo salama cha mtoto aliipata kwa William Blatz, mwalimu wake wa Toronto, na alikuwa amefanya kazi London na John Bowlby, mwasisi wa nadharia ya mwambatano. Ni kweli. Lakini alifika Kampala akiwa na shaka juu ya njia ya Bowlby ya kufananisha mwanadamu na wanyama wengine, na ni alichokiona Uganda kilichomgeuza. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: alikuwa mgeni katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza, akamkazia macho mama mmoja katika nyumba ambamo bibi, shangazi na dada wakubwa nao hulea. Hilo nalikubali, nami naliona ni sababu ya kuanzia Uganda. Kitabu chake cha 1967 kinawaeleza watoto mmoja mmoja pamoja na nyumba zao, kwa hiyo msomaji anaweza kubishana nacho. Chumba cha Baltimore kilimwondoa bibi kabisa, na aliyeanzia humo hatajua hata kumuulizia.

Faida ya kuulizia ilionekana Kenya. Katika miaka ya 1950 taarifa zilizotoka Kampala zilidai kwamba watoto wa Kiafrika hutangulia wenzao wa Ulaya katika kutumia viungo, na wapo waliodhani ni jambo la kuzaliwa nalo. Mtafiti Charles Super alikwenda Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, akakuta akina mama huwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi. Katika hayo watoto walitangulia. Katika kutambaa, wasikofundishwa, hawakutangulia.

Kwa hiyo mtaala wa shahada ya kwanza ufuate njia ileile iliyozaa elimu hii. Mwanafunzi akae kwanza sebuleni mwa watu, wiki baada ya wiki, na daftari mkononi na heshima ya mgeni, amsikilize mama, na bibi pia. Maabara aingie baadaye, akishajua ni kitu gani chumba kile kilijengwa ili kukionyesha, na ni nani aliyeachwa mlangoni.