Mitihani ya uwakili Sydney: njia anayopita mwanasheria mgeni

Mwanasheria anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala na kuhamia Sydney hutambua mapema kwamba joho lake halikuvuka bahari pamoja naye. Kule alikotoka alikwishaapishwa mbele ya Jaji Mkuu, jina lake limo katika orodha ya mawakili, na pengine amesimamia kesi kwa miaka 10. Katika jimbo la New South Wales, ambalo Sydney ndio mji mkuu wake, yeye ni mkazi kama wakazi wengine, na sheria inamkataza kumpa mtu ushauri wa kisheria kwa malipo. Wapo wanaomaliza miaka wakiendesha teksi, wakihudumia wazee au wakilinda majengo usiku, huku vyeti vimekaa sandukuni.

Swali la kwanza wanalouliza ni moja: mtihani wa uwakili unafanyika lini? Jibu huwashangaza. Nchini Marekani kila jimbo lina mtihani wake wa kuingia katika uwakili. Uingereza na Wales zilianzisha mtihani wa pamoja mwaka 2021. New South Wales haina mtihani mmoja wa namna hiyo. Ina mlolongo wa masomo, mafunzo ya vitendo na uchunguzi wa tabia, na mitihani imetawanyika humo ndani.

Mawakili wa aina mbili

Afrika Mashariki wakili ni wakili. Huyo anayeandika mkataba wa nyumba asubuhi ndiye anayesimama mbele ya hakimu mchana. Sydney imehifadhi mgawanyo wa Kiingereza: solisita hupokea wateja, huandika nyaraka na kuandaa kesi, barista huitwa na solisita kwenda kuisemea mahakamani. (Mgeni asisikie vibaya: katika mji huo anayepika kahawa mkahawani naye huitwa kwa jina linalokaribiana sana na hilo.)

Wote wawili hupita mlango mmoja. Kwanza hukubaliwa na Mahakama Kuu ya jimbo kuwa wanasheria, kisha ndipo kila mmoja huomba leseni ya kazi yake. Solisita huiomba kwa Law Society ya New South Wales. Barista huiomba kwa chama cha mabarista, na yeye ndiye anayekutana na mtihani halisi wa kuingilia, wenye karatasi tatu: maadili, ushahidi, na utaratibu wa mahakama. Kwa hiyo anayetaka kuwa solisita, ambao ndio walio wengi, hana haja ya kuutafuta mtihani huo.

Chombo kinachoamua nani akubaliwe ni Bodi ya Kukubali Wanasheria, iliyoko Sydney. Tangu tarehe 1 Julai mwaka 2015 bodi hiyo inafanya kazi chini ya sheria ya pamoja ya taaluma ya uwakili iliyoanza katika majimbo ya New South Wales na Victoria. Australia Magharibi ilijiunga mwaka 2022.

Masomo 11

Kipimo cha bodi ni orodha ya masomo 11 iliyopewa jina la Jaji Priestley wa Mahakama ya Rufaa ya New South Wales, aliyeiongoza kamati iliyoitunga mwanzoni mwa miaka ya 1990. Masomo yenyewe ni jinai, madai ya madhara, mikataba, mali na ardhi, kanuni za insafu na amana, makampuni, sheria ya utawala, katiba ya shirikisho na ya jimbo, mwenendo wa mashauri ya madai, ushahidi, na maadili ya uwakili.

Mwombaji kutoka nje hupeleka matokeo yake ya chuo pamoja na muhtasari wa kila somo alilosoma. Bodi huvilinganisha na orodha hiyo na kumwandikia ni masomo gani anayodaiwa. Aliyesoma katika nchi yenye asili ya sheria za Kiingereza, kama zilivyo Kenya, Uganda na Tanzania, husamehewa sehemu, ila si rahisi kuikwepa katiba ya Australia. Aliyesoma katika mfumo wa Kibelgiji, kama Mkongo au Mrundi, hudaiwa mengi zaidi, na mara nyingine huona ni afadhali aanze shahada upya.

Umri wa elimu nao huangaliwa. Shahada iliyopatikana zaidi ya miaka 5 nyuma na ikakaa bila kutumika huweza kuhesabiwa kuwa imechacha, na mwenyewe akatakiwa kurudia baadhi ya masomo. Kanuni hii huwaumiza zaidi wakimbizi, kwa kuwa miaka ya kambini haina pa kuandikwa.

Yanayofahamika na yasiyofahamika

Anayejiandaa kwa mitihani hii hukutana na jambo ambalo walimu wengi wa sheria Afrika Mashariki hawalitaji. Sehemu ya sheria alizokariri kwao zina damu ya Australia.

Kanuni za adhabu za Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizotungwa mwaka 1930, zinatokana na kanuni ya jinai ya Queensland ya mwaka 1899, kazi ya Samuel Griffith. Zilifika Afrika Mashariki kwa kupitia Nigeria. Hivyo wakili wa Mwanza akifungua kanuni ya Queensland atakuta sentensi anazozijua. Bahati mbaya ni kwamba Sydney haiko Queensland. New South Wales haikufuata kanuni ya Griffith. Ina Sheria ya Jinai ya mwaka 1900, na mambo mengi imeyaachia maamuzi ya majaji. Mwanafunzi anayetegemea kumbukumbu ya vifungu vya nyumbani hupotea katika somo hili kuliko anayeanza bila kujua lolote.

Katika ardhi hali ni nyepesi zaidi. Mfumo wa Torrens, ambamo daftari la serikali ndilo linalotoa umiliki na hati ni kivuli chake, ulianza Australia Kusini mwaka 1858. Uganda ilipotunga sheria yake ya usajili wa hati mwaka 1922 iliichukua karibu yote kutoka jimbo la Victoria, na Kenya nayo ilikuwa imeuiga mfumo huo. Mganda anayesoma ardhi Sydney anasoma asili ya kile alichofundishwa Makerere kama nakala. Atakachohitaji kuongeza ni hukumu ya Mabo ya mwaka 1992, ambapo Mahakama ya Juu ya Australia ilikataa dhana kwamba bara hilo halikuwa na mwenyewe Waingereza walipofika, na sheria ya haki za ardhi za wenyeji iliyofuata mwaka 1993. Kwa msomaji anayekumbuka jinsi serikali za kikoloni zilivyozihesabu ardhi za Waafrika kuwa mali ya Mfalme, hukumu hiyo ndefu haimchoshi.

Ushahidi ni kinyume chake. Sheria za ushahidi za Afrika Mashariki ni watoto wa sheria ya India ya mwaka 1872. New South Wales ina Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1995, iliyopangwa kwa namna nyingine kabisa, na mwanafunzi hana budi kuisoma kama lugha mpya.

Katiba ndiyo inayowaangusha wengi. Ni ya mwaka 1901. Inagawa madaraka kati ya shirikisho na majimbo, na sheria ya jimbo ikigongana na ya shirikisho, kifungu cha 109 huipa ushindi ya shirikisho. Mtanzania ana nafuu kidogo, kwani amezoea kubishana juu ya mambo ya Muungano na yasiyo ya Muungano. Mkenya aliyelelewa na Katiba ya mwaka 2010 hutafuta sura ya haki za binadamu asiione. Haimo. Hata uhuru wa kuzungumzia siasa haukuandikwa mahali popote. Ni majaji walioutoa katika muundo wa katiba yenyewe, na kuuthibitisha katika hukumu ya Lange ya mwaka 1997. Pia majina ya mahakama yamegeuka: jina la Kiingereza ambalo Kenya ni la mahakama ya mwisho, Sydney ni la mahakama ya jimbo, na lile la Mahakama Kuu ya Nairobi ndilo la mahakama ya mwisho ya Australia.

Karatasi za Machi na Septemba

Masomo anayodaiwa mtu anaweza kuyakamilisha chuo kikuu, au kwa mitihani ya bodi yenyewe. Njia hii ya pili ni ya zamani na ina heshima yake Sydney. Bodi hutoa stashahada ya sheria inayotosheleza kukubaliwa bila shahada, na kuanzia mwaka 1964 kamati maalumu ya Chuo Kikuu cha Sydney iliwafundisha wanafunzi wake jioni na mwishoni mwa wiki. Makarani, askari polisi na akina mama wenye watoto wameingia katika uwakili kwa mlango huo. Mwanasheria kutoka nje anaweza kujiandikisha kwa masomo yale tu aliyoelekezwa. Gharama huwa chini ya ada za chuo kikuu. Mitihani imezoeleka kufanyika Machi na Septemba.

Maswali hayamtaki mtu ataje vifungu. Humpa kisa: mwenye duka, mpangaji wake, barua iliyochelewa, mtoto aliyeanguka ngazini. Kazi ni kuitambua hoja, kutaja kanuni na hukumu inayoishikilia, kuilinganisha na kisa, kisha kumshauri mteja. Aliyezoea kuandika kurasa nne za historia ya sheria kabla ya kufika kwenye jibu, na vyuo vya kwetu vimewazoesha wengi hivyo, huishiwa na muda akiwa bado sebuleni.

Dawa inayotajwa na waliofaulu ni kuandika majibu ya mitihani iliyopita kwa saa, si kusoma maelezo mara ya tatu. Hukumu na sheria zote zinapatikana bila malipo kwenye AustLII, maktaba ya intaneti iliyoanzishwa na vyuo vikuu viwili vya Sydney mwaka 1995. Kwa anayekumbuka kugombea kitabu kimoja cha taarifa za kesi maktabani, hiyo si neema ndogo.

Kiingereza nacho hupimwa. Asiyesamehewa hutakiwa kupata katika mtihani wa IELTS alama 8 za kuandika, 7.5 za kuzungumza na 7 za kusoma na kusikiliza. Kuandika ndiko kunakokwamisha, hata kwa waliobishana kwa Kiingereza mahakamani miaka mingi.

Mfano unaotajwa sana magharibi mwa Sydney ni wa Deng Adut. Alichukuliwa kuwa askari akiwa mtoto Sudan Kusini, akapitia Kenya, akafika Australia mwaka 1998 kama mkimbizi. Alijifunza Kiingereza, akasoma sheria katika chuo kikuu cha magharibi mwa Sydney na kufungua ofisi ya uwakili Blacktown. Mwaka 2017 alitunukiwa heshima ya Mwaustralia wa mwaka wa New South Wales.

Vitendo na tabia

Baada ya masomo huja mafunzo ya vitendo, yenye kipindi cha kazi ofisini. Yanagharimu maelfu ya dola, na mwaka 2025 Jaji Mkuu wa New South Wales, Andrew Bell, aliyakosoa hadharani kwa gharama hiyo. Mwombaji afuate kanuni za mwaka anaoomba, asitegemee za rafiki aliyemtangulia.

Hatua ya tabia hudharauliwa, nayo ndiyo yenye hatari. Mwombaji huapa kueleza kila jambo linaloweza kumtia dosari: hukumu ya jinai, kufilisika, udanganyifu wa mtihani chuoni. Mwaka 1947 Mahakama ya Juu ya Australia, katika kesi ya Davis, ilikubali barista afutwe kwa kuwa alificha hatia ya zamani ya kuvunja nyumba. Kosa la ujanani pengine lingesameheka, kulificha hakukusameheka. Tangu hapo wanafunzi wa Sydney hufundishwa kusema yote, hata yale yanayoonekana madogo.

Aliyekuwa wakili kwingine hutakiwa pia barua ya chombo cha nchi yake kuthibitisha kwamba hana deni la nidhamu. Kwa aliyeondoka kwa amani ni suala la ada na subira. Kwa aliyeikimbia serikali yake, barua hiyo inamaanisha kubisha hodi katika mlango alioukimbia. Aliyekamatwa kwa sababu za kisiasa naye ana la kueleza: aandike kilichotokea, ashtaka lilikuwa nini na liliishaje, aambatanishe kila karatasi aliyonayo. Kunyamaza kwa kudhani kwamba Sydney haitajua ni kosa lile lile la Davis.

Bodi ikiridhika hutoa cheti, na mwombaji huitwa mahakamani Queens Square, katikati ya jiji, kula kiapo au kutoa tamko na kutia saini katika orodha. Leseni anayopata kwa Law Society ina sharti: kwa kawaida miaka 2 chini ya usimamizi wa wakili mzoefu, au miezi 18 kwa aliyefunzwa kazini, ingawa uzoefu wa nje unaweza kuombewa kupunguziwa muda huo. Leseni huisha kila tarehe 30 Juni, na kabla ya kuihuisha solisita huwa ameshatimiza saa 10 za masomo ya kujiendeleza, zinazohesabiwa hadi tarehe 31 Machi.